Shajara ya Mradi: Kuchagua Vali za Hewa kwa Mfumo wa Naitrasi

Jumamosi: solenoidi zimefika kikomo

Naitrasi (nitrous oxide, gesi inayopulizwa kwenye injini ili kuiongezea nguvu) kwenye gari langu la mbio itaingia kwa hatua mbili. Hatua ya kwanza, ile ndogo, imeshafungwa kwenye injini. Inaendeshwa na solenoidi ya kawaida, yaani vali inayofunguliwa na sumaku ya umeme, na sina neno nayo. Inafungua upesi, inafunga vizuri, imetulia. Kinachonishughulisha ni hatua ya pili, ambayo inatakiwa kuongeza nguvu za farasi 300 kwa mkupuo mmoja. Kwa kipimo kinachotumiwa na wengi katika fani hii, kila nguvu za farasi 100 hula takriban gramu 40 za naitrasi kwa sekunde. Kwa hiyo hatua hii itataka kama gramu 120 kila sekunde, na zipite kwenye vali zikiwa kimiminika, si mvuke.

Solenoidi kazi yake ni kuinua. Naitrasi ya mtungini, ikishapashwa hadi bar 65, inaikandamiza plunja (kizibo kinachovutwa na sumaku) juu ya kiti chake, yaani ukingo wa tundu inaloliziba, na koili inatakiwa iibandue. Mzigo wenyewe ni eneo la tundu mara presha. Tundu la milimita 3 lina eneo la mm² 7, kwa hiyo koili inapambana na nyutoni 46. Tundu la milimita 6 lina mm² 28, na mzigo unapanda hadi nyutoni 184. Kipenyo kimeongezeka mara mbili, mzigo mara nne. Tena koili huwa dhaifu zaidi pale pale inapohitajika zaidi, yaani plunja ikiwa bado imekaa kitini na pengo kati yake na kiini cha koili bado ni kubwa.

Ndiyo maana solenoidi kubwa zina uchu wa umeme. Ampea 25 kwa volti 12 ni wati 300, na zinadaiwa wakati uleule pampu ya petroli, feni na koili za kuwashia nazo zinadai. Volti zikishuka, nguvu ya kuvuta inashuka. Koili ikipata moto, ukinzani wa waya wake unapanda na nguvu inashuka tena. Mtungi ukiachwa ukapanda hadi bar 75, koili iliyochoka inaweza ikagoma kabisa kufungua.

Wengi hufunga solenoidi mbili sambamba na kugawana mzigo, na ni njia halali. Mimi nataka vali moja yenye misuli ya kutosha, na misuli hiyo nataka itoke kwenye hewa. Pistoni ya hewa ya kipenyo cha milimita 32 ina eneo la mm² 804. Kwa bar 6 tu inasukuma kwa nyutoni 482, na vali ndogo ya umeme ya kuiongoza hewa hiyo inakula wati chache.

Jumapili: tundu kwanza, kiendeshi baadaye

Nimeona watu wakichagua kwanza kiendeshi, yaani kifaa cha kuisukuma vali, kisha wanatafuta vali ya kukitosha. Mimi nimeanzia kwenye majeti, vile vitundu vilivyopimwa vinavyopuliza naitrasi kwenye injini, kwa sababu majeti ndiyo yanayopaswa kuwa sehemu nyembamba kuliko zote katika njia nzima. Chochote kingine kikiwa chembamba kuyakaribia, kinakuwa jeti cha pili ambacho hakuna aliyekipima.

Naitrasi ndani ya mtungi huishi mpakani kati ya kimiminika na mvuke. Kwa nyuzi 20 za Selsiasi mpaka huo uko karibu na bar 50, ukiipasha, unapanda. Kwa kuwa iko mpakani, presha ikishuka hata kidogo njiani, sehemu yake inachemka papo hapo na kuwa mvuke. Mvuke ukifika kwenye jeti, uzito unaopita unapungua na mchanganyiko na petroli unayumba. Kwa hiyo kushuka kwa presha ndani ya vali si suala la kupoteza nguvu kidogo tu. Ni suala la kujua kilichoingia kwenye silinda.

Majeti yangu ni manane, kila moja milimita 1. Yakijumlishwa ni mm² 6.3. Kwa makadirio ya kimiminika kisichochemka, presha inayopotea kwenye vali ikilinganishwa na ile inayopotea kwenye majeti ni uwiano wa eneo la majeti kwa eneo la vali, uliozidishwa kwa wenyewe. Vali ya tundu la milimita 3, yenye mm² 7, ingekula karibu bar 29 kati ya 65. Hapo nusu ya kazi ya jeti inafanywa na vali, na naitrasi inatoka humo ikiwa povu. Vali ya milimita 6, yenye mm² 28, ina eneo mara nne na nusu ya majeti, na inakula kama bar 3. Najua hesabu hii inaipuuza michemko na kwa hiyo haiwezi kuwa sahihi kabisa, lakini tofauti kati ya 29 na 3 ni kubwa mno kuhitaji ubishi.

Uamuzi: kiti cha milimita 6, njia iliyonyooka kadiri inavyowezekana.

Jumatano: vali zilizopita mezani

Ya kwanza kuondoka ni vali ya pistoni yenye kiti cha mshazari, ile inayopatikana sana kwenye mitambo ya mvuke na vinywaji. Inavutia: inaendeshwa na hewa, ni nyepesi, haina gharama kubwa. Lakini nyingi zimeandikwa bar 16, na zenye nguvu zaidi bado ziko mbali na bar 65. Hakuna cha kujadili.

Ya pili ilinichukua muda zaidi: vali ya tufe ya robo mzunguko, yenye kiendeshi cha hewa juu yake. Faida zake ni za kweli. Ikiwa wazi, njia yake ni bomba tupu, presha haipotei. Kuna zinazostahimili bar 100 na zaidi bila jasho. Lakini naitrasi ina tabia inayoigeuza vali hii kuwa hatari. Ukifunga, tufe linabaki na kimiminika ndani ya tundu lake, kimefungiwa pande zote na sili mbili (pete za kuzuia kuvuja). Kimiminika hicho kikipata joto la injini kinataka kutanuka na hakina pa kwenda. Naitrasi hutanuka sana kadiri inavyokaribia nyuzi 36.4, ambako tofauti ya kimiminika na mvuke hutoweka kabisa, na chumba cha injini hufika joto hilo bila shida. Presha inayojengeka humo inaweza kupasua sili au mwili wa vali. Wajenzi wa roketi za naitrasi hutoboa kitundu kidogo ubavuni mwa tufe, upande wa mtungi, ili vali ikifungwa tufe lipumue kurudi ilikotoka. Inafanya kazi, ila sasa vali ina upande mmoja tu sahihi wa kufungwa, na siku moja mtu mwingine ataifungua kwa usafi na kuirudisha kinyume.

Kuna pia msuguano. Tufe linazungushwa likiwa limebanwa na sili zenye presha yote ya mtungi, na kwa injini inayofungua na kufunga kila mbio, sili hizo zitaliwa. Na ni nzito. Nimeiweka kando kwa heshima. Kwa kazi ya kufungua mtungi mara moja mwanzoni mwa siku, ningeichagua bila kusita.

Ya tatu ni zile vali za sindano zenye kiendeshi cha hewa zinazotumika kwenye maabara za gesi. Chuma kizuri, presha ya kutosha. Nyingi nilizozipitia katalogini zina tundu dogo, na presha inaingia chini ya kiti, jambo ambalo silitaki kwa sababu nitakayoieleza sasa hivi.

Iliyobaki ni vali ya kiti cha kawaida, inayofungwa na springi na kufunguliwa na pistoni ya hewa. Swali lake kubwa ni moja: naitrasi iingie upande gani wa kiti?

Ikiingia chini ya kiti, inasaidia kufungua. Hewa kidogo inatosha, lakini springi peke yake ndiyo inayozuia nyutoni 184 zisiifungue vali gari likiwa limesimama. Mtungi ukifika bar 80 ni nyutoni 226. Springi ikichoka, naitrasi inavuja ndani ya injini iliyozimwa, na atakayewasha injini atawasha manifoldi (njia za kuingizia hewa kwenye injini) ikiwa imejaa naitrasi. Ikiingia juu ya kiti, kila bar inayoongezeka inakandamiza vali ifungwe zaidi. Hewa ikikata, umeme ukikata, hosi ikichomoka, vali inafunga na inazidi kufunga.

Nimechagua presha juu ya kiti. Gharama yake ni kwamba hewa lazima ishinde presha hiyo pamoja na springi. Nimepiga hesabu kwa hali mbaya: bar 80 mtungini ni nyutoni 226, springi 80, jumla 306. Pistoni ya milimita 32 inahitaji bar 3.8 kufika hapo, na msuguano wa sili unataka zaidi kidogo. Nitaipa bar 7, ambazo ni nyutoni 563. Hapo nimeridhika.

Ijumaa usiku: mwili, sili na usafi

Mwili wa vali nimeununua ukiwa umeshapimwa kwa presha kubwa kuliko yangu mara kadhaa. Sikutaka kuchonga mwenyewe kitu kitakachobeba bar 65 sentimita chache kutoka kwenye manifoldi. Kilichochongwa ni kipande cha kuunganisha mwili huo na silinda ya hewa, na fundi wa leithi aliniuliza swali zuri: “Sasa kaka, naitrasi ikipita kwenye shina la vali, inaenda wapi?”

Ndilo swali lenyewe. Shina linalosukumwa na pistoni linapita kutoka upande wa hewa hadi upande wa naitrasi. Sili ya shina ikianza kuvuja, naitrasi ya bar 65 itaingia kwenye silinda ya hewa iliyojengwa kwa bar 10, yenye grisi ya petroli ndani yake. Kwa hiyo tumeweka sili mbili na kati yake tundu la kupumulia linalotoka nje. Ikivuja, itaonekana kama barafu na itasikika ikizomea, kabla haijafika kwenye grisi.

Sili za kiti na shina ni tefloni. Raba nyingi hunyonya naitrasi kimiminika na kuvimba, kisha presha ikishuka ghafla gesi iliyomo inatoka na kuipasua raba kutoka ndani. Tefloni haina tabia hiyo. Ina udhaifu wa kutambaa ikibanwa kwa muda mrefu, lakini kiti kinaweza kubadilishwa kwa dakika chache.

Kila kipande upande wa naitrasi kimeoshwa, kikasuuzwa, kikakaushwa, na kimepakwa grisi isiyo na mafuta ya petroli, aina inayoruhusiwa kwa oksijeni. Nalisisitiza hili kwa sababu naitrasi watu huichukulia kama gesi mpole isiyoungua. Molekuli yake yenyewe inaweza kuvunjika na kutoa joto, na mafuta machafu ndani ya bomba huirahisishia kazi. Tarehe 26 Julai 2007, huko Mojave, California, naitrasi ililipuka katika jaribio la mfumo wa roketi ambalo hata moto haukuwashwa. Lilikuwa la kupitisha naitrasi tu. Watu watatu walifariki. Mtungi wangu ni mdogo sana ukilinganisha na wao, lakini kemia ni ileile.

Hewa itoke wapi

Hili halikunisumbua. Kompresa ndogo huleta unyevu, na mwili wa vali unapopitisha naitrasi hupoa mno. Unyevu ukiganda kwenye silinda ya hewa, pistoni inakwama, na kukwama ikiwa wazi ni jambo nisilotaka hata kulifikiria. Kutumia naitrasi yenyewe kama hewa ya kusukuma wapo wanaoifikiria, ila kila ikitolewa ingemwagika chumba cha injini, juu ya grisi na moto. Nimechukua mtungi mdogo wa naitrojeni kavu na regyuleta ya bar 7.

Matumizi ni madogo. Pistoni inasogea milimita 5, ambazo ni sentimita za ujazo 4. Ukiongeza kibomba na kuhesabu presha, kila mfunguo hauzidi nusu ya sehemu ya kumi ya lita ya gesi huru. Hata mtungi wa lita moja, ukishuka bar 3 tu, unatoa lita 3. Siku nzima ya mbio haiumalizi.

Benchini, kwa kaboni dioksidi

Kwanza maji. Kiungo chote kimejazwa maji na kupandishwa presha kwa pampu ya mkono, maana maji yakipasua kitu hayarushi vipande kama gesi. Nje kukabaki kavu, hakuna kilichovuja.

Kisha kaboni dioksidi badala ya naitrasi. Gesi hizi mbili zinafanana kiajabu: uzito wa molekuli zote ni 44, na presha za mpaka wake ziko karibu, kaboni dioksidi ikiwa bar 57 kwa nyuzi 20. Inachemka, inapoa na inapita karibu sawa, lakini haichochei moto. Milango ilikuwa wazi na feni inazunguka, kwa sababu ikijaa chumbani inaua.

Nilifunga sensa ya presha mbele ya vali na kurekodi pamoja na ishara ya umeme. Kufungua: kama milisekunde 45 kutoka ishara hadi presha kupanda. Solenoidi ya umeme ni haraka zaidi ya hapo, lakini sijali, na nitaeleza kwa nini. Kufunga ndiko kulikonishika: karibu milisekunde 130.

Kufunga

Mazungumzo mengi kuhusu vali za hewa ni kuhusu nguvu ya kufungua. Naona sasa kwamba uchaguzi wote unaamuliwa na kufunga.

Wakati wa kufungua, uvivu wa hewa ni rafiki. Petroli ya kuandamana na naitrasi inapitia solenoidi ya umeme yenye mzigo mdogo, inafungua mapema, na naitrasi inakuja nyuma yake kwa sehemu ya sekunde. Petroli ikitangulia, mchanganyiko unaanza ukiwa mzito, yaani wenye petroli nyingi, na injini iko salama. Kwa kufungua, ucheleweshaji huo ningeulipia kama haukuwepo.

Wakati wa kufunga, rafiki huyo anageuka. Ishara ikikatwa kwa zote mbili pamoja, petroli inafunga mara moja na naitrasi inaendelea kuingia bila petroli yake. Naitrasi ina oksijeni asilimia 36 kwa uzito, na kila kilo tisa na nusu zake zinataka karibu kilo moja ya petroli. Isipoipata, moto ndani ya silinda unakuwa mkali, unatafuta cha kuunguza, na kilichopo ni kingo za pistoni. Kwa mizunguko 6000 kwa dakika, mzunguko mmoja ni milisekunde 10, na silinda huwaka kila mizunguko miwili. Milisekunde 130 ni zaidi ya miwako sita kwa kila silinda.

Sababu ilikuwa wazi mara nilipochora njia ya hewa. Hewa iliyo juu ya pistoni ilikuwa inarudi kupitia kibomba chembamba chote hadi kwenye vali ya kuongoza ili itolewe huko. Nimefunga vali ya kutoa hewa haraka kwenye mlango wa silinda yenyewe: hewa ya kuingia inapita, lakini presha ya kibomba ikishuka tu, inafungua upande na silinda inapumua hapo hapo. Nimehamisha pia vali ya kuongoza ikawa karibu. Kufunga kumeshuka hadi karibu milisekunde 50.

Bado kuna kile kilichobaki kwenye bomba baada ya vali. Bomba la ndani milimita 6, urefu milimita 300, lina ujazo wa sentimita za ujazo 8.5, ambazo ni kama gramu 6 za naitrasi. Kwa gramu 120 kwa sekunde hizo ni milisekunde 50 nyingine, na kiukweli zaidi, kwa kuwa mkia wake unatoka taratibu kama mvuke. Nimebuni upya mabano ili vali ikae milimita 120 kutoka kwenye kigawanyio, kile kipande kinachogawa naitrasi kwenda kwenye majeti. Gramu 6 zimekuwa 2.4. Kwangu mimi kusogeza vali kumekuwa na thamani kuliko kununua vali ya haraka zaidi.

Zilizobaki zinalipwa na petroli. Solenoidi ya petroli itabaki wazi milisekunde 200 baada ya ishara ya naitrasi kukatwa, na muda wa kupiga cheche za kuwashia utabaki umecheleweshwa kwa kipindi hichohicho. Injini itapiga moshi mweusi kidogo inapoachia, na moshi huo naukubali kwa mikono miwili.

Nyaya

Vali ya kuongoza haipati umeme mpaka vitu vinne vikubaliane: swichi ya kuidhinisha, kichapuzi kikiwa chini kabisa, mizunguko ya injini ikiwa ndani ya mipaka, na presha ya petroli ikiwa nzuri. Nimeongeza cha tano ambacho mfumo wa umeme mtupu hauna: swichi ya presha ya hewa, iliyowekwa bar 5. Chini ya hapo pistoni inaweza kufungua nusu, na vali iliyo nusu wazi inakuwa kile kijeti kisichopimwa nilichokikimbia tangu Jumapili.

Nimepoteza kitu kimoja, nacho nakitaja ili anayefikiria njia hii akijue. Vali ya hewa haiwezi kupigwapiga mara nyingi kwa sekunde ili kuongeza naitrasi polepole kama solenoidi inavyofanya. Kwangu hatua ya kwanza ya umeme inabeba kazi hiyo, na ya hewa inaingia gari likishashika barabara. Mwenye hatua moja tu, kubwa, anayetaka kuipandisha taratibu, abaki na solenoidi.

Ilipofikia

Vali iko kwenye mabano mapya, bomba fupi limekunjwa na kuoshwa, kigawanyio kimefungwa. Kabla ya naitrasi kuingia, nitarudia jaribio la kaboni dioksidi kila kitu kikiwa kwenye gari, injini ikiwa imepata joto lake kamili, kwa sababu sijui bado tefloni na grisi zitafunga kwa kasi gani zikiwa moto upande mmoja na zimeganda upande mwingine. Milisekunde 200 za petroli zitabaki au zitaongezwa kulingana na rekodi ya sensa. Kupunguza sitapunguza.